Friji ikae wapi jikoni: kona ya ndani, mlango wa uani, stoo, daining au pale unapoingilia?

Mtu akianza kukarabati jiko mazungumzo yote yanaishia kwenye rangi ya kabati, graniti au tailizi, sinki la bakuli moja au mawili, na friji inaachwa mwisho, itaenda pale patakapobaki. Mi nasema ianze friji. Ndo kitu kikubwa kuliko vyote humo ndani, huwezi kuipunguza ikaingia kama fundi anavopunguza mbao ya kabati, inataka hewa, inataka soketi yake, na mlango wake unafunguliwa kuanzia alfajiri mtu anapotoa maziwa ya chai mpaka usiku mtoto anapoamka na kiu. Slab, ile meza ya zege ya jikoni, ikishamwagwa na kabati zikishafungwa umechelewa, utabaki unaisukuma friji huku na kule na waya wa ekstensheni umepita chini ya mlango.

Nalinganisha nikiwa na jiko la kweli mbele yangu, la dada yangu Tabata, anakarabati saa hii na zege bado halijamwagwa. Alipomuuliza fundi habari ya friji ilikuwa hivi:

"Dada, friji si popote tu, hiyo isikuumize kichwa."

"Fundi, popote ndo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Fundi akaangaza, akanyoosha kidole kwenye kona ya ndani kabisa kati ya jiko la gesi na sinki, kwa sababu ndo palikuwa pamebaki patupu kwenye mchoro wake. Dada akaniita, tukashika futi kamba tukaanza kupima sehemu moja moja.

Chumba chenyewe ni mita 3 kwa 3.6. Ukiingia kutoka daining unaangalia magharibi. Kushoto kwako kuna ukuta mrefu wenye slab na jiko la gesi, mbele kuna dirisha na sinki chini yake, afu pembeni ya dirisha upande wa kulia kuna mlango wa kutokea uani, na ukuta wa kulia una kabati kuukuu la vyombo ambalo linaondoka. Mlango wa daining umesogea kulia, kwa hiyo ukishaingia, upande wa kushoto kuna kipande cha ukuta kama mita moja na nusu mpaka kwenye kona. Kumbuka hicho kipande maana tutakirudia.

Kabla ya kulinganisha lazima ujue unalinganisha kwa kigezo gani. Wengi wanatumia ile kanuni ya pembetatu, kwamba friji, jiko na sinki vitengeneze pembetatu, kila upande kati ya mita 1.2 na 2.7, na ukijumlisha pande zote tatu isizidi mita 8 hivi. Kanuni hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940, na vipimo vyake bado vinasaidia, naitumia hapa chini. Ila ilifikiria mtu mmoja anapika peke yake. Kwetu nani anapika peke yake? Huku mama anakaanga, dada wa kazi anaosha mchele, mtoto katoka shule anataka maji, mgeni yuko sebuleni anahitaji soda, baba kaja kutafuta embe. Sinki na jiko vinatumiwa na wanaopika, ila friji inatumiwa na nyumba nzima. Kwa hiyo kila sehemu mi naiuliza swali moja, mtu asiyepika akija kufungua friji wakati mwenzie anapika, atapita wapi na atasimama wapi? Baada ya hapo ndo nauliza mambo ya joto, umeme na mlango.

Kona ya ndani, kati ya jiko na sinki

Hii ndo ya fundi, na nianze nayo kwa sababu ndo inayochaguliwa sana bila kufikiriwa. Uzuri wake ni kwamba mpishi anafikia kila kitu bila kutembea, na friji haionekani ukiwa sebuleni. Basi.

Ubaya wake ni mwingi. Kwanza lile swali langu, mtoto anayetaka maji anapita nyuma ya mtu aliyeshika sufuria ya mafuta ya maandazi, anafungua mlango wa friji katikati ya jiko na sinki, anarudi tena njia ile ile. Hapo hata ungekuwa na friji nzuri kiasi gani jiko limeharibika.

Pili joto. Friji haitengenezi baridi kutoka hewani, inachukua joto lililoko ndani yake inalitupa nje, na kama huko nje kwenyewe kuna moto wa plate mbili basi kompresa, ile mota inayounguruma chini nyuma, inafanya kazi muda mrefu zaidi kutupa joto lile lile. Angalia kibandiko cha friji yako, kiko ubavuni ndani au nyuma, utaona herufi. N maana yake imetengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 mpaka 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Dar mwezi wa pili saa nane mchana jikoni kwenye mvuke wa wali, 32 unaivuka bila shida, na friji nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya ni N au hata SN ambayo nayo mwisho wake ni 32. Friji ya hivo ukiibana pembeni ya jiko unaiua polepole, utaona inaunguruma mfululizo haipumziki na juu kwenye friza barafu haigandi vizuri.

Tatu, na hili naomba usome vizuri, gesi. Gesi ya mitungi yetu ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inashuka inatandaa sakafuni. Kompresa ya friji na rilei yake, kile kiswichi kinachoiwasha, viko chini nyuma, huko huko sakafuni, na vinajiwasha vyenyewe bila mtu kugusa chochote, na kwenye friji nyingi hasa za zamani kuna cheche ndogo hapo. Sasa mtungi wa kilo 15 uko ndani ya kabati la chini, friji iko ubavuni mwake, mpira wa gesi umezeeka, nyumba imefungwa usiku. Usiviweke jirani. Kama unakarabati ndo wakati wa kutoboa ukuta mtungi ukae nje kwenye kibanda chake chenye grili na matundu ya hewa, na hata ukishautoa nje bado friji na jiko viachane.

Na la mwisho ni mlango. Friji ikibanwa kwenye kona mlango unaishia nyuzi 90 au chini ya hapo, wakati droo za mboga na zile za friza zinataka mlango uzidi 90 ndo zitoke nje. Utaishia kuzivuta kwa mshazari mpaka zipasuke.

Dada alishaikataa kwenye sababu ya mtoto na mafuta, hizo nyingine ziliongezea tu.

Karibu na mlango wa uani

Hii ni ukuta wa kulia, kule mbele karibu na mlango wa nyuma. Kwa nyumba zetu ina mantiki yake, maana maharage, makande na ndizi nyingi bado zinapikwa nje kwenye mkaa, na samaki wanaparwa uani, kwa hiyo mtu anatoka nje na kuingia ndani akichukua vitu. Na kama nyumba inauza barafu, juisi au maji ya baridi, hapa ndo penyewe, mteja anahudumiwa uani bila kuingia kwenu.

Shida ni vumbi, moshi na jua. Mlango wa nyuma unashinda wazi mchana kutwa, moshi wa mkaa unaingia, vumbi linaganda na mafuta ya jikoni kwenye zile nyavu nyuma ya friji mpaka zinakuwa kama zimevaa sufi, na zikishajaa hivo joto halitoki. Kwa walioko karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mombasa, Unguja, ongeza upepo wa chumvi, friji inaanza kuota kutu kwenye miguu na kwenye bati la nyuma.

Jua nalo tulilichunguza. Dirisha la dada linaangalia magharibi, na watu wakipima jua wanapima siku ile waliyokuja na fundi, ambayo inaweza kuwa mwezi wa sita. Desemba na Januari jua letu linazama likiwa limeelemea kusini, kwa hiyo mwanga wa saa kumi unaingia dirishani kwa mshazari na unatua kwenye ukuta wa kulia, yaani mwezi wenye joto kuliko yote ndo friji ya hapo ingepigwa jua mpaka magharibi. Mwezi wa sita jua linaelemea kaskazini na mwanga unaangukia ukuta wa kushoto, ila hapo hali ya hewa ni nzuri na jua lenyewe limepungua makali. Kama dirisha lako linaangalia magharibi jiulize habari ya Januari.

Kwa anayefanya biashara ya barafu ningesema weka hapo ila liwe friza la kulala, na pazia zito au kibaraza kidogo juu ya dirisha. Kwa friji ya chakula cha nyumbani, hapana.

Stoo

Hapa sikawii. Stoo nyingi hazina dirisha, joto linalotoka kwenye friji linabaki humo humo linazunguka, chumba kinakuwa cha moto na friji inahangaika. Juu ya hapo viazi na vitunguu vinaota haraka kwenye hilo joto. Kama stoo yako ina dirisha la wavu au matofali ya matundu juu, weka friza la akiba ambalo linafunguliwa mara chache, la nyama na samaki wa kununua kwa wingi. Friji ya kila siku itakufanya ufungue milango miwili kupata nyanya moja.

Daining au sebuleni

Sasa hapa ndo ulinganisho wenyewe, maana hizi mbili zilizobaki ndo zinazoshindana kweli.

Friji kukaa daining watu wanalisema vibaya kama ni ushamba, na mi silikubali hilo. Kuna sababu za maana. Majiko mengi yalijengwa madogo, friji haikuwa kwenye hesabu, na kama ndani panapikwa kwa mkaa au mafuta ya taa huwezi kuweka friji kwenye moshi ule. Daining kuna feni, hakuna mvuke, hakuna matone ya mafuta, friji inakaa safi miaka na inapumua vizuri. Na kwenye lile swali langu inashinda moja kwa moja, mtoto anachukua maji, mgeni anapewa soda, hakuna aliyekanyaga jikoni. Mama mkwe akija anafungua mwenyewe bila kuona sufuria zilizoko kwenye sinki, na hiyo nayo ni heshima ya nyumba.

Anayeumia ni mpishi. Tuchukue mchuzi wa samaki wa nazi wa Jumapili. Unatoa samaki kwenye friza wayeyuke, unarudi kuchukua nyanya na karoti, umeshaanza kukaanga vitunguu unakumbuka tangawizi, unarudi, tui ulilihifadhi jana kwenye bakuli, unarudi, limao, unarudi. Kwa dada kutoka kwenye jiko la gesi mpaka friji ikiwa daining ni kama mita 3 na nusu kwenda tu, na katikati kuna mlango, wakati ile kanuni inasema isizidi 2.7. Na yule samaki aliyeyeyuka anadondosha maji kutoka friji mpaka sinki, juu ya tailizi za daining, kwenye kapeti kama lipo, na maji ya samaki mbichi au kuku mbichi pale familia inapokula sio suala la harufu peke yake, ni la afya. Mikono yenye unga wa chapati nayo inashika kitasa cha mlango, kitasa cha friji, ukuta.

Afu kuna kelele. Friji mpya zimetulia, ila ya miaka kumi ikiwaka usiku na sebule iko kimya utaisikia, na watu wanaolala sebuleni wageni wakijaa wanaijua hiyo.

Kwa hiyo kama jiko lako ni chini ya mita 2 na nusu kwa 2 na nusu, au unapika ndani kwa mkaa, au umepanga na huwezi kugusa ukuta wa mtu, daining ndo jibu na usione aibu. Iweke kwenye ule ukuta unaopakana na jikoni, karibu kabisa na mlango wa jikoni, sio kule pembeni ya televisheni, na uweke kimeza kidogo ubavuni mwake cha kutua vitu. Umepunguza hatua nusu.

Jikoni, pale pale unapoingilia

Hii ni kile kipande cha ukuta nilichosema ukumbuke. Friji inakaa kwenye kona ya kushoto ukishaingia tu kutoka daining, mgongo umeegemea ule ukuta mrefu wa slab, na slab inaanzia baada yake. Mtu wa daining anaingia, anageuka kushoto hatua mbili, anafungua, anatoka. Hajafika kwa mpishi. Mpishi nae akigeuka friji iko upande ule ule wa ukuta.

Tulipima. Kutoka friji mpaka jiko la gesi mita 1.5, jiko mpaka sinki 1.2, sinki mpaka friji 2.6, jumla 5.3. Iko ndani ya kanuni kila upande. Jua la Januari halifiki, linatua ukuta wa pili. Moshi wa uani uko mwisho wa chumba. Na mtungi unahamia nje.

Ubaya upo. Inakula sentimita 85 za slab, na kwa mtu anayesukuma chapati slab ni mali. Inaonekana ukiwa daining, kwa hiyo kama friji ina mikwaruzo utaiona kila siku. Na jioni mtu akiwa ameiacha wazi anafikiri achukue nini, wengine wanasubiri mlangoni.

Kwa chumba cha dada hii inashinda daining, na sababu ni ile ile niliyoanza nayo. Daining inamlinda asiyepika inamtesa mpishi, kona ya ndani inampa raha mpishi inamweka mtoto kwenye mafuta, hii inawapa wote wawili njia yao. Ukuta wa mita 3.6 tuliugawa hivi kuanzia kwenye kona: sentimita 15 za rafu nyembamba, 65 za friji, 5 za hewa, 85 za slab, 60 za jiko, afu 130 zilizobaki za slab zinazokunja kwenda kwenye sinki.

Hizo sentimita 15 za kwanza fundi alizipigia kelele, anaona nafasi inapotea. Haipotei. Friji ikigusa ukuta wa pembeni mlango unagonga ukuta kwenye nyuzi 90 na droo hazitoki, kwa hiyo unaisogeza, na pale katikati unaweka rafu nyembamba ya kutunza trei, ubao wa kukatia na chano. Na zile 85 za slab kati ya friji na jiko ndo sehemu ya kutua, unafungua friji unaweka bakuli pale, unafunga. Usikubali chini ya sentimita 40 hapo, bila hivo utashika bakuli la mchuzi mkono mmoja na mlango mkono mwingine.

Sasa mlango unafungukia upande gani? Friji nyingi zinatoka dukani na bawaba kulia na kitasa kushoto. Kwa kona ya dada hiyo ni mbaya, mlango ukifunguka unaziba slab, yaani unatoa nyanya halafu unazunguka mlango kuziweka. Tulitaka bawaba iwe kushoto upande wa kona, kitasa kulia upande wa slab. Friji nyingi za mlango mmoja na zile za friza juu zinabadilishwa, utaona vishimo vyenye vifuniko vya plastiki upande wa pili, fundi wa friji anahamisha bawaba hapo hapo. Zenye kioo cha tarakimu mlangoni waya unapita kwenye bawaba kwa hiyo mara nyingi haziwezekani, na zile kubwa za milango miwili ya ubavu kwa ubavu hazibadiliki kabisa. Hizo kubwa upana wake ni kama sentimita 90, usitegemee itaingia kwenye nafasi ya 85, na kabla ya kununua pima mlango wa grili wa nyumba yako maana wengi wameishia kung'oa fremu.

Hewa, soketi na urefu

Watu wanajua friji isibanwe nyuma kwa sababu ya zile nyavu. Ila friji za siku hizi nyingi nyuma ni bati tupu, nyavu zimefichwa ndani ya kuta za ubavuni. Weka kiganja ubavuni mwa friji ikiwa inaunguruma, utasikia pana moto. Hiyo ukiichomeka katikati ya kabati mbili zinazoigusa kama unavoona kwenye picha za Ulaya, umeifunga pumzi. Zile za kwenye picha ni friji maalumu za kujengewa, zinatoa hewa kwa chini mbele. Ya kwetu ya kawaida iachie sentimita 5 kila ubavu, 5 mpaka 10 nyuma, na juu 10 au zaidi, na kitabu chake kikisema zaidi fuata kitabu.

Maana yake ni kwamba friji itachomoza mbele ya slab. Slab ni sentimita 60, friji kina chake ni 65 mpaka 70, ongeza hewa ya nyuma, imeshafika 77. Usiilazimishe ilingane na slab kwa kuibana ukutani. Kwa dada imefika 77 na mlango ukifunguliwa unafika 137, na ukuta kabla ya mlango wa daining ni 150, kwa hiyo haizibi njia. Hesabu hiyo ifanye kwako kabla hujamwita fundi wa tailizi.

Soketi isikae nyuma ya friji. Fundi umeme wanapenda kuiweka huko ili isionekane, afu kuna friji gadi, ile ya kuilinda friji umeme ukichezacheza. Kile kiboksi kikichomekwa kwenye soketi na plagi ya friji ikaingia juu yake vinatokeza mbele sana, friji haiwezi kurudi nyuma, na siku umeme unachezacheza usiku unataka kuchomoa inabidi uivute friji nzima na mayai ndani. Weka soketi pembeni juu ya slab, urefu wa mita 1.2 kutoka sakafuni, yenye swichi, waya wake wa milimita za mraba 2.5 na ethi ya kweli, na iwe ya friji peke yake. Birika la umeme na pasi visichangie nayo. Friji gadi ikiwa pale juu unaiona taa zake, umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu, na huo muda kompresa inauhitaji ili presha ya gesi ndani ilingane, ikilazimishwa kuwaka papo hapo ndo zinaungua.

Kwa walioko kwenye tarifu ya D1 ya TANESCO, ile ya wanaotumia yuniti 75 au chini kwa mwezi, sehemu ya friji ni hela kabisa. Friji ya kawaida ya familia inakula kama yuniti moja kwa siku, hiyo ni 30 kwa mwezi tayari, na ikikaa penye joto inaongezeka. Ukivuka 75 mara kwa mara unahamishwa tarifu na bei ya yuniti inaruka.

Juu ya friji usifunge kabati chini sana. Watu wanapima urefu wa friji peke yake, wanasahau stendi. Huku tunadeki kwa maji mengi, friji ikikaa moja kwa moja chini miguu inaoza kutu, kwa hiyo stendi ni lazima, nayo inapandisha sentimita 10 hivi. Friji ya mita 1.7, stendi 10, hewa 15, maana yake kabati la juu lianzie karibu mita 1.95, mi nilimwambia fundi mita 2 ili hata friji ijayo iingie. Na kile kitambaa chenye maua kinachotandikwa juu, kama friji yako inatoa joto ubavuni au juu, kisishuke pembeni.

Wakati fundi wa tailizi anakata, friji itoke jikoni kabisa, ule unga wa tailizi ni mwembamba unaingia kwenye nyavu za nyuma na feni. Ihamishwe ikiwa wima. Ikilazimika kulazwa, ikifika isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yarudi chini. Ukishaiwasha mahali pake papya weka glasi ya maji yenye kipimajoto kwenye rafu ya kati, iache usiku kucha, asubuhi isome nyuzi 4 au chini na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikiwa juu ya hapo wakati kabla ya kuhama ilikuwa sawa, angalia kwanza mpira wa mlango kama unabana vizuri, fungia noti kwenye mlango afu uivute, ikitoka kirahisi huenda friji haijakaa sawasawa, inyanyue kidogo miguu ya mbele ili mlango ujirudie wenyewe.